Maji Nayo ni Mzigo: Hekima ya Kiweko cha Tangi la Samaki

Wengi wetu hapa pwani tumezoea kuyadhania maji kuwa ni kitu chepesi. Hupita baina ya vidole, hayana umbo lao wenyewe, na mtoto huyachota kwa kata akayamwaga kwa mchezo. Lakini muulize mchukuzi aliyewahi kubeba madebe mawili kwa mzegazega, akayapandisha ngazi za nyumba ya ghorofa katika Mji wa Kale, naye atakwambia maji ni nini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Debe la lita 20 ni kilo 20 kamili, mbali na debe lenyewe. Na maji ya chumvi yazidi kidogo, kwani kila lita huongeza gramu kama 25 juu ya kilo yake.

Ukurasa huu aghalabu hushughulika na mashairi, ngoma na milango ya nakshi. Leo nimependa kuutoa kwa useremala wa kitu kidogo kinachodharauliwa, nacho ni kiweko cha tangi la samaki. Nimefanya hivyo kwa kuwa chombo hiki cha kioo kimekwisha kuingia katika sebule zetu nyingi, na kwa kuwa nimeona kwa macho yangu jinsi watu wanavyotumia fedha nyingi kwa samaki, taa na pampu, kisha mzigo wote huo wakauweka juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu.

Ada ya kufuga samaki ndani ya kioo haikuanzia kwetu. Mjini London, bustani ya wanyama ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichowafunza watu kufuga viumbe wa baharini majumbani mwao. Mtindo ukaenea. Sisi watu wa pwani hatukuwa na haja nao wakati huo, maana bahari ilikuwa mlangoni. Maji yakitoka, mtoto aliteremka ufuoni akamwona kitatange akipita baina ya matumbawe, na aliporudi nyumbani hakuhitaji kufungiwa samaki sebuleni. Leo mambo yamegeuka. Samaki wa mapambo wanaovuliwa katika pwani yetu ya Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani wakatazamwe huko, na wajukuu wetu wanakulia katika majumba ya ghorofa ambamo bahari huonekana kipande tu, baina ya paa na paa. Basi si ajabu mzazi akitaka kumletea mwanawe kipande cha maji ndani ya nyumba. Si ajabu, wala si vibaya. Lakini na ajue analeta nini.

HESABU KABLA YA MSUMENO

Tuchukue tangi la kawaida, wala si kubwa la kutisha: urefu sentimita 120, upana sentimita 40, kimo sentimita 50. Likijazwa maji hadi sentimita 45, yaani kuachwa nafasi kidogo juu, ndani yake mna lita 216. Kioo chenyewe, kikiwa cha unene wa milimita 10, ni zaidi ya kilo 50. Tia mchanga wa kina cha sentimita tano chini yake, na mawe mawili matatu ya kujifichia samaki. Ukijumlisha yote, ukatoa maji yanayosukumwa na mchanga, utakuta mzigo wa karibu kilo 300.

Kilo 300 ni magunia matatu ya mahindi ya kilo 90 na zaidi. Ni mifuko sita ya saruji. Nani miongoni mwetu angepanga mifuko sita ya saruji juu ya meza ya televisheni, kisha akawaacha watoto wacheze mbele yake? Hakuna. Lakini kwa kuwa maji yang'aa na samaki wapendeza, jicho hudanganyika likaona pambo mahali penye shehena.

Na shehena hii ina tabia yake. Meza ya chakula huwekewa sahani, watu wakala, sahani zikaondolewa. Kitanda hulaliwa usiku kikapumzika mchana. Tangi la samaki halipumziki. Mbao iliyobebeshwa mzigo usioondoka hupinda polepole, mwezi kwa mwezi, hata kama siku ya kwanza ilisimama sawa kama mshale. Nacho kioo hakijui kupinda. Mbao ikilegea upande mmoja, kioo hukosa pa kukalia kwenye kona ile, na nguvu zote zikaelekea kwenye maungio ya silikoni yanayokishika kioo kwa kioo. Hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Jirani mmoja wa binti yangu aliamshwa saa nane za usiku na sauti aliyoidhania kuwa ya mwizi anayevunja dirisha. Alipowasha taa alikuta mazulia yameelea, samaki wanapapatika chini ya makochi, na maji yanateremka ngazi kwenda kuwasalimu watu wa chini. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtoto karibu.

KABATI LILILOANZA KUINAMA

Kisa hicho kilikuwa hakijatimiza mwezi pale mkwe wangu alipowanunulia wanawe tangi la vipimo hivyo nilivyovitaja. Binti yangu anakaa ghorofa ya pili hapa Mombasa, ana msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Tangi likawekwa juu ya kabati la televisheni lililonunuliwa dukani, la mbao zile za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye sura ya mninga. Kwa macho lilipendeza. Maji yalikuwa yametiwa theluthi tu, na samaki walikuwa hawajanunuliwa bado.

Nilipokwenda kuwatazama, nilimwomba mjukuu wangu uzi wa cherehani. Nikaushika ncha moja ya kabati, yeye akaushika ncha ya pili, tukauvuta ukanyooka. Katikati palikuwa na mwanya baina ya uzi na ubao. Kabati limekwisha kuinama, na theluthi mbili za maji zilikuwa bado bombani. Mvulana naye alikuwa amekwisha kugundua kwamba akikanyaga rafu ya chini aweza kuupandisha uso wake mpaka kwenye kioo.

Sikuwa na maneno mengi. Nilimwambia mkwe wangu, "Baba, maji haya tuyatoe leo, na kiweko nitakileta mimi." Naye, kwa adabu yake, hakubishana. Walitoa maji ndoo kwa ndoo, na mimi nikashika njia kwenda kwa fundi.

Mbao za namna ile si haramu, wala sisemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibovu. Zafaa kwa vitabu na kwa vyombo vya kaure. Lakini zikipata maji huvimba kama mkate uliotiwa katika chai, na zikivimba hazirudi. Na tangi la samaki, hata likiwa zima, hudondosha: siku ya kubadilisha maji, siku ya kusafisha pampu, siku mtoto anapotia mkono. Kuweka maji juu ya kitu kinachoogopa maji ni kutafuta msiba kwa mkono.

MTI UBEBE, CHUMA KISHIKE

Fundi ninayemsimulia ni mzee aliyezidi miaka sabini. Ujana wake aliupitisha Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji kinachojulikana kwa uundaji wa majahazi, kisha akahamia Mombasa akawa seremala wa milango na vitanda. Nilimkuta amekaa juu ya kigogo akinoa patasi.

"Ami," nikamwambia baada ya salamu, "nataka unitengenezee meza ya tangi la samaki."

Hakuuliza rangi wala bei. Aliuliza, "Maji kiasi gani?" Nikamtajia. Akanyamaza akihesabu kwa vidole, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo si meza. Katika jahazi maji huzibeba mbao. Hapa mbao ndizo zitakazoyabeba maji. Kazi imegeuka kichwa chini, na ukiigeuza kazi huna budi kuigeuza na akili."

Tangu jioni hiyo nilikuwa nikienda karakanani kwake kila baada ya Laasiri, na haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona mikononi mwake na kuyasikia kinywani mwake.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: mzigo ukae juu ya mti, usikae juu ya msumari. Mafundi wengi wa haraka huchukua mguu, wakaubandika mhimili ubavuni mwake, wakapiga misumari minne au parafujo sita, kazi ikaisha. Ukitazama vyema utaona kwamba pale uzito wote wa maji umening'inia juu ya vyuma vyembamba. Vyuma hivyo, katika hewa yetu hii ya chumvi, vyaliwa na kutu hata ndani ya mbao ambamo jicho halifiki. Chuma, alisema mzee, kazi yake ni kushika viungo visiachane. Kubeba ni kazi ya mti.

Basi yeye kila mguu aliukata ngazi upande wa juu. Aliondoa kipande cha mti kwa msumeno na patasi, akaacha bega la upana wa inchi moja na nusu, na mhimili mrefu ukaja ukakalia bega hilo kama mtu anavyokalia kibaraza. Uzito ukitoka kwenye kioo huingia katika mhimili, ukitoka kwenye mhimili huingia katika bega, na bega huuteremsha moja kwa moja hadi sakafuni. Mihimili mifupi ya upande aliichonga ulimi, na katika miguu akatoboa tundu, ulimi ukaingia tunduni kwa kubana. Nani hajaona kazi hii? Itazame milango yetu ya kale ya Lamu na Mombasa. Kizingiti cha juu kinakalia miimo miwili, na miimo inasimama juu ya nchi. Ndiyo maana milango ile imewazika mafundi wake, na wajukuu wa mafundi, nayo ingali imesimama.

Neno lake la pili lilikuwa juu ya kulaza na kusimamisha. Mbao ya mbili kwa nne ukiilaza kwa upana wake hupinda upesi. Isimamishe kwa ubavu wake, yaani inchi nne zitazame juu na chini, nayo itakuwa ngumu kupinda mara nne kuliko ilipolazwa. Ni mbao ile ile, bei ile ile. Na ukiongeza kimo cha mhimili mara mbili bila ya kuongeza unene wake, ugumu wake wa kupinda waongezeka mara nane. Mzee wangu hakusoma hesabu hizi katika kitabu chochote. Alichukua kipande cha mbao, akakilaza juu ya matofali mawili, akakikanyaga kikabonyea. Akakisimamisha kwa ubavu, akakikanyaga tena, nacho kikatulia. "Umeona?" akauliza. Nikasema nimeona.

MBAO GANI?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: mvule au mbambakofi. Hizi ni mbao ngumu ambazo mchwa huziogopa na maji hayaziharibu upesi. Leo si nyingi tena, na bei yake yamtisha mwenye mshahara. Msaji nao ni mbao njema kwa aliyejaliwa. Aliye na kidogo atumie saiprasi au paini, mradi iwe imekauka, iwe haina mafundo makubwa katikati, na iwe imetiwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi ni adui, kwani hukauka ikiwa imekwisha kufungwa, ikajikunja na kuvuta viungo. Mzee alikuwa akigonga kila kipande kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Kikavu hulia, kibichi huitika kwa sauti nzito.

Kiweko chetu kilipata miguu ya mvule wa zamani, iliyotoka katika nyumba iliyobomolewa, na mihimili ya saiprasi. Mnunuzi na akumbuke kwamba mbao iitwayo mbili kwa nne, ikishapigwa randa, haina tena inchi mbili wala inchi nne kamili. Pima mwenyewe kabla ya kukata.

Wapo watakaoniambia kwamba mafundi wa jua kali huunganisha viweko vya vyuma kwa bei nafuu. Ni kweli, na chuma kinene kilichoungwa vizuri chaweza kubeba tangi hili bila ya shida. Lakini hapa kwetu chataka kupakwa rangi na kukaguliwa kila mara, maana chumvi haina likizo.

VIPIMO VYA KIWEKO CHETU

Kwa yule atakaye kwenda kwa fundi wake na maneno yaliyo wazi, haya ndiyo tuliyoyafuata. Urefu wa kiweko ni sentimita 122 na upana sentimita 42, ili tangi likae ndani ya ukingo wake na lisining'inie nje hata kidogo. Kimo ni sentimita 75. Kimo hiki tulikichagua kwa ajili ya yule mvulana wa miaka minne: akisimama kwa miguu yake, samaki watapita mbele ya macho yake, asiwe na sababu ya kupanda popote.

Miguu ni ya inchi tatu kwa tatu, minne ya pembeni, na mzee akaongeza miwili katikati, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nilimwuliza kama ya katikati yahitajika, kwani mhimili uliosimamishwa kwa ubavu ungetosha kwa urefu ule. Akanijibu, "Watosha leo. Mimi nautengenezea mwaka wa kumi." Chini, miguu yote imefungwa kwa mstatili mwingine wa mbao, ili uzito uenee sakafuni usichome mahali pamoja. Juu ya mihimili pamelazwa ubao wa plaiwudi wa milimita 18. Gundi ni ile isiyoyeyuka kwa maji, na parafujo ni za shaba nyeupe iliyochanganywa, si chuma kitupu.

Baada ya hapo likaja suala la kuyumba. Miguu sita iliyonyooka yaweza kubeba tani moja kutoka juu, na bado ikaanguka kwa kusukumwa ubavuni. Umbo la pembe nne hulegea likalala upande, lakini umbo la pembe tatu halilali mpaka livunjike. Kwa sababu hiyo mzee alipigilia ubao mzima wa plaiwudi mgongoni mwa kiweko, na ubavuni akatia vipande vya mshazari. Alipomaliza aliniambia nikisukume kwa bega. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, nacho kikanitazama tu.

Hapa nimchekeshe msomaji mshairi. Kifaa ambacho seremala hupimia pembe mraba huitwa guni. Kwetu sisi watunzi, shairi likiitwa guni ni aibu, maana yake limepotoka katika mizani na vina. Kwa seremala, guni ndiyo inayofichua upotofu. Mzee alipima kila pembe kwa guni, kisha hakuiamini peke yake. Alifunga uzi kutoka pembe hii hadi ile ya mkabala, akapima na ule mwingine wa kupishana. Nyuzi mbili zikilingana, mstatili ni wa haki. Zikitofautiana, umepinda, hata kama macho yasema umenyooka.

PA KUKIWEKA

Kiweko chema juu ya sakafu mbaya ni kazi bure. Katika nyumba za saruji ya kisasa, weka tangi ukutani, usiliweke katikati ya chumba. Katika nyumba zetu za kale za mawe na chokaa hapana budi kuzidisha hadhari. Sakafu za ghorofa zile zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowafanya wazee wetu wajenge vyumba vyembamba na virefu. Boriti hukatiza upana wa chumba kutoka ukuta mmoja mrefu hadi wa pili. Kwa hiyo tangi likiwekwa kando ya ukuta mrefu hupata faida mbili: laketi juu ya boriti nyingi kwa pamoja, na laketi karibu na ncha zake zilizoingia ukutani, mahali ambapo hazipindi. Likiwekwa katikati ya chumba hupata hasara ya yote mawili. Na kama boriti zimeliwa na mchwa, au chokaa la dari la chini lina nyufa, usiweke tangi kabisa mpaka fundi wa majengo aangalie.

Kisha pima usawa. Pimamaji iwekwe kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Asiye na pimamaji anayo maji yenyewe, kwani tangi likitiwa maji kidogo, mstari wa maji hauna upendeleo kwa mtu. Pima kimo chake katika pembe zote nne. Ikiwa pembe moja ipo chini, ondoa maji na uweke vipande vyembamba vya mbao ngumu chini ya mstatili wa sakafuni. Usiviweke baina ya kioo na ubao. Chini ya tangi la kioo kitupu tandika sponji nyembamba ngumu, ili chembe ya mchanga isiyoonekana isikitoboe kioo. Tangi lenye fremu ya plastiki chini yake halitaki sponji, maana limeundwa likalie kingo zake.

Mzee alimalizia kwa kukifunga kiweko ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Vyuma hivyo havibebi kitu. Vinazuia tu, siku mtoto atakapoparamia, kisije kikamwinamia. Waya wa umeme nao uache uteremke chini kuliko soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni lisiingie katika umeme. Na usiache waya wa nyongeza umelala chini ya tangi.

Kabla ya hayo yote, mbao zilipakwa vanishi mara tatu, na ncha zilizokatwa zikapakwa zaidi, kwa kuwa mti hunywa maji kwa kinywa chake, na kinywa chake ni pale ulipokatwa.

SIKU YA KUTIA MAJI

Hatukujaza tangi kwa siku moja. Tulitia robo, tukavuta uzi, tukapima. Tukatia nusu, tukalala. Asubuhi tukavuta uzi tena, haukuonyesha mwanya. Tukajaza, tukaliacha mchana na usiku bila ya samaki hata mmoja. Msichana alikasirika akaniuliza, "Babu, samaki watakuja lini?" Nikamwambia watakuja pale nyumba yao itakapokuwa tayari. Akafikiri kidogo, akakubali.

Jibu lile sikulitoa kumnyamazisha. Samaki wa mtoni au baharini akiona maji yamekuwa machafu huenda zake. Samaki wa tangi hana pa kwenda. Riziki yake, hewa yake na ardhi iliyo chini yake vyote vimo mikononi mwa mtu. Sisi tuliokalia majamvi ya chuo tulisimuliwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, alimfungia asimlishe wala asimwache akajitafutie. Anayemfungia kiumbe amechukua amana. Na amana hii huanzia kwenye mguu wa kiweko, kabla ya chakula na kabla ya dawa.

Mzee fundi aliniambia kwamba kazi za namna hii hazimjii mara nyingi. Vijana humletea viti vya dukani vilivyovunjika awagongee misumari. Hakusema kwa kulalamika, alikuwa akifagia maranda ya mbao huku akizungumza. Nilimwuliza kama yupo anayemfundisha. Akasema yupo kijana mmoja, mjukuu wa dada yake, naye amekwisha kujua kukata bega lakini bado hajajua kunyamaza na kuisikiliza mbao. Namwombea kijana yule afike. Nami nimemwachia mzee beti moja, ameibandika ukutani karakanani kwake, na msomaji naye namwachia hapa:

Mzigo juu ya mti, ndipo yatulie maji,
Kwa chumvi na kwa wakati, kutu ya chuma mlaji,
Simamisha madhubuti, usihini uchongaji,
Samaki hana sauti, amana ya mfugaji.